Seva Iliyonukia Udi

Msambweni, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanahamisi mwanangu,

Assalaam aleikum. Aandikaye barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi sina haja ya kuuliza, maana nakusikia hapo uani ukibishana na nyanya yako juu ya kifurushi cha nazi. Yeye anasema huko uendako Mackinnon Road hakuna nazi ya maana, wewe unasema utaonekana mshamba kwenye basi. Atashinda yeye. Utazibeba.

Mimi nimejifungia chumba cha seva kwa sababu ndicho pekee ambacho wageni wanaokuja kukuaga hawaingii. Ya kula, ya kuswali kwa wakati, ya kufunga mlango kwa komeo, siyaandiki. Nyanya yako ameyasema tangu asubuhi na kesho atayarudia steji mbele za watu. Nataka kukujibu swali uliloniuliza jana tukila, nikanyamaza. Ulisema, "Mama, tunabaki na mashine ipi?" Nikaendelea kuchambua mwiba wa samaki. Nyanya yako aliacha kutafuna akanitazama, kwa kuwa hajawahi kuniona nikiulizwa kitu nikakosa la kusema.

Nitakujibu, lakini niache nipite njia ndefu. Unanijua.

Unamkumbuka katibu wa kamati yetu ya ardhi, yule mwenye mwandiko mzuri. Siku alipohamia upande wa kampuni inayodai mashamba yetu kuanzia barabarani mpaka kwenye mikoko, hakuondoka na muhuri wala mafaili. Aliondoka na nywila. Barua zote za kamati zilikuwa kwenye anwani ya bure ya wakubwa wa ng'ambo, na nywila aliijua yeye peke yake. Tukaandika kuomba msaada. Tukajibiwa na mashine, kwa adabu kubwa, kwamba hatujathibitisha sisi ni nani. Watu waliozaliwa hapa na kuzika hapa, wathibitishe kwa mashine iliyo sijui wapi kwamba wao ni wao. Hasira iliyonipanda siku ile sijaimaliza mpaka leo, kwa kuwa lugha ilikuwa ni ile ile ya ofisi ya ardhi: wewe unayeishi hapa, tuoneshe kwamba upo.

Nikasimama mkutanoni nikasema tutakuwa na posta yetu wenyewe. Nilisema vizuri, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya nani anamiliki njia za habari na anazitumiaje kuwanyamazisha wengine. Juu ya seva sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja, na jambo kama hilo halijawahi kunizuia kusema.

Ndipo tukaenda Diani, kwenye ile hoteli iliyofungwa, iliyokuwa ikiuza vitu vyake vyote. Vitanda, majiko, viyoyozi, na nyuma kabisa, mashine za ofisini. Yule kijana muuzaji alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Madam, hii ni mnyama," akaniambia. "Prosesa mbili, si moja. Hii ndiyo ilikuwa inaendesha hoteli mzima."

"Ina kumbukumbu kiasi gani?" ukamuuliza.

"Ya kutosha, siste."

"Ya kutosha ni ngapi?"

"Siste, kwani wewe unataka kurusha ndege?"

"Nataka kupokea barua."

Akacheka. "Barua? Barua hata simu yangu inapokea."

Nilikasirika, na hasira yangu ilielekea kwenye kicheko kile. Nikaona katibu wetu wa zamani akicheka, nikaona mawakili wa kampuni wakicheka kwenye ofisi zao za vioo. Nikamwambia kijana, "Ipakie."

Njiani, mashine ikiwa nyuma ya pikapu imefunikwa shuka la hoteli, ulinieleza kwa upole ambao sikuustahili. Ulisema barua haikimbii, Mama. Mtu akiipata nusu dakika baadaye hafi. Kazi ya mashine ya barua ni kukaa macho na kutosahau. Prosesa mbili, hizo bongo za kufikiria haraka, zitakaa bure zikinywa stima. Kinachobana ni kumbukumbu, kwa sababu kila barua inayoingia hukaguliwa na walinzi wawili, mmoja anatafuta taka, mwingine anatafuta virusi, na walinzi hao wanataka nafasi ya kutandaza kazi yao. Wakiikosa wanaimwaga kwenye diski, na diski ikishaanza kufanya kazi ya kumbukumbu, foleni husimama, barua hukaa nje.

Nilikusikia kila neno. Nikajibu kwamba hatuendi vitani na kisanduku cha viatu.

Na zile diski mbili. Wewe ulitaka ya pili iwe nakala ya ile ya kwanza, kila kinachoandikwa huku kiandikwe na kule. Mimi nikasema huo ni ubadhirifu. Nina ramani, nina hati zilizopigwa picha, nina malalamiko ya kijiji kizima, nataka nafasi. Ukaziunganisha zikawa kama moja kubwa, kwa amri yangu. Ulisema polepole bila kuinua macho, "Moja ikifa, Mama, zimekufa zote mbili." Nikakuambia humu ndani hafi mtu.

Nyanya yako aliichukia mashine kwa ule mvumo wake, akasema tumemletea kinu cha kusaga mahindi kando ya kitanda. Kisha akaipenda, na unajua kwa nini. Kila Alhamisi jioni alikuwa akifukiza nyumba kama alivyofundishwa na mamake, chetezo mkononi, chumba hadi chumba. Akagundua kwamba mashine yetu inavuta hewa upande mmoja na kuitema kwa nguvu upande wa pili. Akaacha kutembea. Akawa anaweka chetezo mbele ya mashine, anavuta kiti, anashika tasbihi yake, na nyumba nzima inajaa udi.

"Angalau ina faida," akasema. "Hizo barua sijaziona, lakini udi unafika mpaka kwa jirani."

Jirani naye akaja na nguo za harusi ya bintiye zifukizwe. Ukalalamika. "Nyanya, moshi wote huo unaingia ndani ya mashine."

"Kwani huko ndani kuna mtu mwenye mafua?"

Nilicheka mpaka nikafuta machozi, nikakuambia umwache bibi wa watu na udi wake. Nilipenda, mwanangu. Niliona fahari kwamba barua zetu kali za kwenda Kwale na Mombasa zinatoka katika nyumba inayonukia vizuri. Ungeniuliza wakati ule seva ni nini, ningekupa hotuba juu ya uhuru. Nisingekuambia kwamba ni kitu chenye pumzi, na kwamba ukikichagulia mahali pa kuishi lazima uulize kitapumua nini.

Hewa yetu ina chumvi, misumari ya paa letu inalijua hilo. Chumvi peke yake ingeila ile mashine taratibu. Chumvi na utomvu wa udi vilifanya gundi. Ulipoifungua baada ya kuzimika, feni zilikuwa zimeshikana kwa utando wa kahawia kama sufuria ya halua iliyolazwa bila kuoshwa. Ulikwangua kwa kisu cha kuparia samaki. Joto lilikuwa limeua diski moja, na ya pili, kama ulivyosema, ilikwenda nayo. Nakala zako za akiba zilirudisha barua za zamani. Za siku za mwisho hazikurudi.

Hatukujua nini kilikuwemo katika hizo za mwisho mpaka wakili wetu alipotupigia simu. "Si niliwaletea barua kwamba wapimaji wanakuja?" Walikuwa wameshakuja, na hapakuwa na mtu wa kamati wa kuwazuia.

Walimkuta Bi. Riziki, mjane wa watu, peke yake nyumbani kwake anapepeta kunde. Yeye mwenyewe alinisimulia, nami nimekaa kwenye mkeka wake nikishindwa kumtazama.

"Nikawauliza, mwatafuta nini wanangu? Wakaniambia, twapima tu, mama. Nikawaambia karibuni. Jua lilikuwa kali, nikawapa maji."

Hakuna aliyemwambia asiwape. Jiwe la mpaka waliliweka kati ya jiko lake na kaburi la mumewe. Akiamka asubuhi kuwasha moto analiona. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu, kwa sababu lawama najua kuijibu. Alisema tu, "Wewe na mtoto wako mwajitahidi," akaniwekea kunde kwenye mfuko.

Tangu hapo tumeishi na kompyuta ya mjomba wako, ile yenye kioo kilichopasuka. Haina kumbukumbu ya kumtosha hata mlinzi mmoja, sembuse wawili. Ukamwondoa yule wa virusi, ukambana yule wa taka, ukaigawia pumzi kidogo kidogo. Hukwama, na ikikwama haiamki ila kwa mkono wako. Ulikuwa ukienda Ukunda kutengeneza simu za watu na kurudi kabla ya magharibi, marafiki zako wakienda kutembea, kwa sababu ya mgonjwa huyu. Ulipopata kazi ile ya Mombasa, nilikuuliza neno moja: "Na barua?" Ukaikataa kazi. Mimi nikajiambia nimelea mtoto mwenye msimamo.

Sasa ni Mackinnon Road, ofisi ya watu wa malori, kompyuta nyingi na hakuna anayezijua. Safari hii hukuniuliza kama uende. Uliniambia tu ni siku gani utaondoka. Nilikusoma usoni nikaelewa kwamba neno lile la Mombasa halitafanya kazi mara ya pili.

Na kwa wakati huu huu tunangoja jibu la rufaa ya Bi. Riziki. Litakuja kwenye anwani hii, kwa kuwa anwani hii ndiyo iliyo ndani ya faili, na wakili anasema tukiibadilisha sasa tunaipa kampuni nafasi ya kusema hatukupatikana. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua ikikuta mlango umefungwa haikati tamaa mara moja. Hujaribu tena, na tena, kwa siku kadhaa, kisha humrudia aliyeituma ikisema hapakuwa na mtu. Siku kadhaa si nyingi kwa mama asiyejua hata upande wa kuishika mashine.

Leo adhuhuri Bi. Riziki alipokuja kukuaga, ulimwamkia akaitikia marahaba, kisha akakushika kifundo cha mkono kama anayekupima homa.

"Ukishaondoka, barua atazipokea nani?"

"Mashine, bibi."

"Mashine haina macho."

"Inayo, bibi. Ila haina miguu. Haitaondoka hapa."

Akacheka kwa lile pengo lake. Kisha akanigeukia. "Nawe, mama Mwanahamisi, utaiweza?"

Nikasema nitaiweza. Wewe ulikuwa unakunja kanga, ukaacha kuikunja. Ulijua kama mimi kwamba nilikuwa nimesema tu.

Haya, swali lako. Mezani hapa mbele yangu ziko mashine mbili. Ile ya mjomba wako inahema. Pembeni yake kuna hiki kisanduku ulichoazimwa dukani, ambacho kesho ukipita Mombasa utakirudisha au utakilipia kwa pesa ya kamati. Ni kidogo kuliko kisanduku cha viatu, nakiri. Ulinieleza kila kitu chake. Hakina feni, mwili wake wenyewe ndio unaotoa joto, kwa hiyo hakivuti chumvi wala kitu kingine. Prosesa yake ni ya kawaida kabisa na itakuwa inasinzia. Kumbukumbu ni gigabaiti nane, walinzi wote wawili wakae na wanyooshe miguu. Diski mbili, kila moja ni kivuli cha mwenzake. Betri ya kukishikilia stima ikikatika. Umeshahamishia ndani yake barua zote na utaweza kukifikia kwa mtandao kutoka huko uendako, mradi kiwe hai. Kazi iliyobaki ni kuhamisha waya mmoja.

Nimekaa nacho tangu alasiri. Nimejaribu kufikiri kama mtu anayejua. Mimi ambaye nikiinuka kusema kwenye baraza, maofisa huanza kupanga karatasi zao ambazo tayari zimepangika. Sijui kama nane zinatosha. Ungeniambia nne ningeamini, ungeniambia sitini ningeamini. Kuna taa ya kijani inayowaka na kuzima, na sijui inasema heri au inasema njoo upesi. Nimesoma vitabu maisha yangu yote nikidhani nikisoma vya kutosha hakuna mlango utakaonishinda, na sasa nimekaa mbele ya kitu chenye ukubwa wa msahafu, sina hoja ya kukipa. Hakibishani. Kitu kisichobishana sijui kukiendea kwa upande gani.

Jana nilinyamaza kwa sababu neno lilikuwa limefika mdomoni nikaogopa kulitoa. Nilitaka kusema tubaki na ile ya mjomba. Ningekupa sababu, sababu sikosi. Ningesema pesa za kamati ni za wanyonge, ningesema kisichovunjika hakitupwi. Ungenisikiliza, ungefikicha macho, ungerudisha kisanduku dukani. Na ile ya mjomba ingekwama baada ya siku mbili tatu, nawe ungerudi.

Hilo tu. Ungerudi. Ungeshuka basi na vumbi la Taru kichwani, ungepita uani, ungeketi kwenye kiti hiki.

Nilipolitazama neno hilo mdomoni mwangu niliona kwamba mashine zote mbili tulizowahi kuwa nazo nilizichagua mimi, na zote mbili zilikuwa haziwezi kuishi bila wewe. Ile kubwa kwa kiburi changu. Hii ya pili kwa uchovu, nikisema itatosha kwa sasa, na sasa ikawa miaka. Wewe kila mara ulikuwa ukiniomba kitu kimoja: mashine ya kiasi, yenye nafasi ya kupumua, inayoweza kufiwa na diski moja ikaendelea na kazi, inayoweza kukatikiwa na stima ikangoja. Nilidhani unaniambia habari za vyuma. Ulikuwa unaniomba ruhusa ya kuwa mahali pengine.

Kwa hiyo jibu langu ni kisanduku. Hamisha waya kabla hujafunga sanduku lako la nguo, nikiona kwa macho yangu, nisije nikabadili nia asubuhi. Nyanya yako nimeshamwambia ahamishie chetezo chumba cha mbele. Amesema kitu chenyewe hakina hata upepo, akae nacho cha nini.

Siahidi kwamba nitatulia. Usiku wa kwanza nitakuja kuitazama ile taa, na nitaigusa kama ni ya moto au ya baridi, na sitajua ni ipi iliyo nzuri. Bi. Riziki atapita kila siku kuuliza kama imekuja, na nitafungua nisome matangazo ya watu wanaouza vitu, nimwambie bado. Jibu likija ni zuri, utalijua wakati ule ule nami nitakapolijua, popote utakapokuwa. Likija ni baya, hakuna mashine ya dunia hii itakayolifanya zuri. Na ikiwa halitafika, ikiwa litamrudia aliyelituma likisema hapakuwa na mtu, basi mtu ambaye hakuwepo ni mimi. Si wewe. Naliandika hili ili uwe nalo mfukoni siku nitakapokuwa nasema vingine.

Maana nitasema. Ikikwama nitakupigia simu, na nitatumia sauti ile ya mikutanoni. Nitakutajia Bi. Riziki na lile jiwe, nitakutajia wajibu na ardhi na waliotutangulia, na nitasema vizuri, kwa sababu ndicho kitu ninachokiweza. Nisikilize mpaka mwisho kwa adabu uliyolelewa nayo. Kisha nielekeze ni waya gani nichomoe na upi nichomeke, nami nitapiga magoti chini ya meza kuutafuta. Nikikosea, nielekeze tena. Nikilia, ngoja nimalize, uendelee kunielekeza.

Usipande basi la kurudi.

Mama yako